Mji waweza kuingiza kijiji chetu ndani ya manispaa bila kutuuliza?

Sidi_Mikorosho

Hamjambo ndugu zangu. Naandika kwa simu na jicho moja liko kwenye sufuria, makosa mtanisamehe.

Nakaa upande wa Ganda, nje ya Malindi. Kwa boda kutoka mjini ni shilingi 150 mchana, usiku 200 na dua juu yake. Shamba letu ni ekari tatu na kitu: minazi, mikorosho, mwembe mmoja mkubwa, na nyuma ya nyumba makaburi ya babu na baba. Nina mbuzi sita, na jioni nauza mihogo na viazi vya karai kando ya barabara. Ndio uchumi wote huo.

Wiki mbili nyuma walikuja vijana watatu wenye vizibao vya manjano. Mmoja kashika fimbo ndefu, juu yake kidude kama uyoga. Wakasimama chini ya mwembe wakinong'ona, kisha mmoja akatoa kopo la rangi akapiga msalaba mwekundu kwenye gome. Nikawauliza, "Wanangu, mwembe umefanya nini?" Wakacheka. "Mama, sisi tumetumwa tu." Waliondoka na maembe manne, niliwapa mwenyewe, adabu ni adabu.

Jumamosi tukaitwa baraza. Tukaambiwa mji umekua, sisi sasa tunaingizwa manispaa, na kwamba Malindi iko njiani kuwa jiji. Ramani iliyopitishwa mkono kwa mkono ilikuwa fotokopi, nyeusi kama chini ya chungu. Jirani yangu aliishika juu chini dakika tano, hakuna aliyemwambia. Tukapewa soda na mkate, tukatia sahihi karatasi. Nimefika nyumbani ndio nakumbuka juu ya ile karatasi paliandikwa "ushirikishaji wa umma". Je, mimi hapo ndio nimekubali? Kwa soda?

Linalonikosesha usingizi zaidi ni jingine. Kaka yangu mkubwa siku hizi anatembea na dalali wa plot. Yule dalali anasema tukishaingia manispaa mambo ya lendi bodi, ile bodi ya kuidhinisha uuzaji wa shamba, yamekwisha, mtu atauza kipande chake kama auzavyo kuku. Hatimiliki bado ina jina la marehemu baba.

Nataka kujua tu sheria inasemaje. Mji unaruhusiwa kutumeza hivi hivi? Na tukishamezwa, nini kinabadilika siku ya kwanza asubuhi?

---

Barani_Original

Mamangu pole, lakini kwani ubaya uko wapi? Sisi huku Barani tuko ndani ya manispaa tangu nizaliwe. Taa ya barabara iliyo karibu na kwetu ilikufa zamani na hakuna matanga yaliyofanywa, sawa, lakini lori la taka linapita. Linapita likijisikia, ila linapita. Nyinyi huko mnachoma mifuko ya plastiki nyuma ya jiko, moshi wote unakuja kwetu. Bei ya shamba lako itapanda, utanunua mbuzi wa saba.

Mkiingia mjini mje na maembe.

---

Karani_Mstaafu

Marahaba kwa wote watakaonisalimu.

Bi Sidi, nilifanya kazi katika baraza la mji enzi za Serikali za Mitaa. Nilianza kwa kushika mnyororo wa kupimia nyuma ya sovea, nikamalizia mezani kwenye chumba cha ramani. Hicho kidude cha uyoga sisi hatukuwa nacho. Tulikuwa na mnyororo, vijiti vya bendera, na kijana wa kupanda mnazi kuangalia mbele.

Soda kwanza. Sahihi ile ni ya mahudhurio. Inasema ulikuwepo, haisemi ulikubali. Lakini usiichukulie kirahisi, maana siku mtu akienda mahakamani kulalamika, karatasi hiyo ndiyo itakayotolewa: tazameni, watu 140 walishirikishwa, na majina haya hapa. Kushirikisha wananchi ni takwa la Katiba yenyewe, liko kifungu cha 10, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inalirudia kwa urefu. Na kushirikishwa maana yake upewe habari unayoweza kuisoma, na muda wa kuijibu. Fotokopi nyeusi si habari. Basi andika barua wewe mwenyewe, tarehe juu, useme nilihudhuria, ramani haikusomeka, sikupewa nafasi ya kusema, naomba nipewe. Ubaki na nakala yenye muhuri. Barua hiyo italala kwenye faili moja na karatasi ya soda, na anayesoma faili atasoma zote mbili.

Sasa kumezwa. Zamani, chini ya ile sheria ya Serikali za Mitaa, sura ya 265, waziri aliyekaa Nairobi aliweza kusogeza mpaka wa mji kwa tangazo. Nakumbuka asubuhi moja tulipokea bahasha, tukafungua, kijiji kizima kilikuwa kimelala shamba kikaamka mjini. Wenyewe waliambiwa na karani wa reti, yaani kodi ya ardhi, miezi baadaye. Sheria ile ilikufa pamoja na mabaraza yake baada ya uchaguzi wa 2013.

Inayotawala sasa ni Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019. Humo hakuna kura ya maoni ya wanakijiji, nikuambie mapema usije ukaitafuta. Lakini hakuna mtu mmoja mwenye kalamu pia. Hadhi ya manispaa hutolewa na gavana kwa hati maalumu, wenyewe huita chata, na hawezi kuitoa mpaka bunge la kaunti lipitishe azimio. Kabla ya hapo huwa kuna kamati ya wataalamu, watu wa upimaji, wapanga miji, wasanifu, mawakili, wakae waangalie kama eneo linatimiza masharti. Marekebisho ya 2019 yakaongeza na utaratibu wa kamati ya kupendekeza mipaka ya miji. Mpaka wa manispaa ni sehemu ya hati ile. Anayetaka kuusogeza hana njia ya mkato, arudi mlango uleule: kamati, wananchi, bunge la kaunti, gavana, kisha gazeti rasmi.

Kwa hivyo swali lako usiliulize "wanaruhusiwa?" Liulize hivi: "karatasi iko wapi, na imefika mlango gani?" Kama iko kwa kamati, maoni yako bado yana kazi. Kama bunge la kaunti bado halijakaa, una mwakilishi wa wadi, mwambie akutazame usoni. Mtu yeyote ana haki ya kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, iko kwenye sheria ya 2012 kifungu cha 15, na ombi si lazima liandikwe na wakili. Kama limeshatangazwa, huo ni mchezo mwingine, na hapo ndipo mawakili wanapoanza kula.

Hii habari ya jiji iacheni. Jiji linataka wakaazi 250,000 kwa sensa ya mwisho iliyotangazwa, na hati yake hutolewa na Rais baada ya Seneti kukubali. Nakuru ilipata 2021, Eldoret 2024. Mji wa Malindi katika sensa ya 2019 ulikuwa na watu 119,859. Aliyewaambia jiji alikuwa anapamba baraza. Manispaa inahitaji 50,000, hiyo Malindi inayo na chenji inabaki.

Lakini masharti si watu tu. Mji unaotaka kuwa manispaa uwe na mpango wa maendeleo, uonyeshe unaweza kukusanya mapato, uweze kutoa huduma, uwe na pa kutupa taka, taa, masoko, zimamoto. Na liko sharti moja dogo ambalo watu hulipita wakisoma: uwe na *nafasi ya kutosha ya kupanuka*. Hiyo nafasi ya kutosha, Bi Sidi, ndiyo minazi yako.

Lisilobadilika: wadi yako ni ileile, maana mipaka ya wadi ni kazi ya tume ya uchaguzi. Kaunti ni ileile. Chifu ni yuleyule. Umiliki wako haupungui hata futi. Mstari wa manispaa ni wa utawala, hauli ardhi ya mtu. Ukiona mtu ametumia mstari huo kukuambia uhame, huyo ana lake.

Nimechoka macho, nitaendelea kesho.

---

Barani_Original

Shikamoo mzee. "Hakuna matanga" nilikuwa natania lakini sasa nataka kujua: kama manispaa lazima iwe na taa, mimi niidai taa yangu kwa nani?

---

Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kila manispaa ina bodi na meneja wake. Sheria hiyohiyo inawapa wakaazi mabaraza ya kujadili huduma, bajeti ya mwaka na mipango, na maoni yao yapelekwe kwa bodi. Tena vyama vya wakaazi vilivyosajiliwa vina sauti katika kupendekeza watu wa bodi. Huko kwenu mnacho chama? Kusajili kikundi cha jamii siku hizi watu kumi wanatosha, kwa sheria ya 2022. Mnao watu kumi pale kijiweni kwenye kahawa, nimewahesabu.

---

Bint_Shella_Sheria

Salaam. Mimi ni msaidizi wa wakili, si wakili, na hapa naeleza tu, kesi yako umpelekee mtu akae na karatasi zako. Mzee amemaliza habari ya mpaka vizuri. Mimi nataka kurudi kwa huyo dalali, maana naona kila mtu amemruka, na kwa maoni yangu ndiye hatari kuliko rangi ya mwembe.

Dada Sidi, alichosema kina chembe ya ukweli, ndiyo sababu kinatisha. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, sura ya 302, ndiyo inayoleta lendi bodi. Inahusu ardhi ya kilimo, na maana yake ya ardhi ya kilimo inaanza na ardhi isiyo ndani ya manispaa wala mji. Leo shamba lenu likiuzwa, muuzaji na mnunuzi waende mbele ya bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano, la sivyo mapatano yanakufa. Kwa kawaida bodi huuliza mke yuko wapi, watoto wanasemaje, mtaishi wapi mkiuza. Wanawake wengi huku pwani wameokolewa na swali hilo moja. Mstari ukishawapita, mlango huo waweza kufungwa kwenu, isipokuwa pale waziri ametangaza kwenye gazeti kwamba kipande fulani ndani ya manispaa kihesabiwe ardhi ya kilimo.

Sasa dalali anachowaficha. Kwanza, hati ina jina la marehemu. Kakako hana cha kuuza. Hata mngekuwa katikati ya mji, pale Soko la Zamani, hana cha kuuza. Mpaka mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe na mahakama, yeyote anayeuza, kugawa au kuharibu mali ya marehemu anaingilia mali isiyo yake, na ni kosa la jinai kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi: faini isiyozidi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wakati mwingine mtu mmoja mkaidi hutulia akisomewa tu kifungu hicho kwa sauti ya upole.

Pili, nenda ofisi ya usajili wa ardhi ufanye sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu zao, uone hati ikoje leo, isije ikawa mwenzetu mmoja ameshakimbia. Halafu weka zuio. Wewe ni mtoto wa marehemu, una maslahi, una haki ya kuomba msajili asipitishe jambo lolote bila kukujulisha. Kisha mwende kwa chifu mpate barua ya warithi, watoto wote waandikwe, na mabinti walioolewa pia. Wengi "husahau" mabinti. Kama nyinyi ni Waislamu, kadhi yupo. Kama si Waislamu, mahakama ya kawaida, na ombi hutangazwa kwenye gazeti rasmi siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Ndiyo sababu huyo dalali ana haraka. Anataka kununua bei ya shamba leo na kuuza bei ya mjini kesho.

---

Mtoro_wa_Katy

Mtoto wa Malindi, sasa niko Katy, nje ya Houston, Marekani. Nimecheka kuona hata nyumbani mambo ni haya haya.

Huku mwaka 1996 Houston iliumeza mtaa mmoja mkubwa uitwao Kingwood, wenyewe hawataki, hawakupigiwa kura. Kelele zikapigwa mpaka bunge la jimbo la Texas likabadilisha sheria 1999, mji uwe na mpango wa miaka mitatu kabla ya kuchukua eneo. Haikutosha. 2017 wakaibana miji ya kaunti kubwa, 2019 wakamaliza jimbo zima: kwa kawaida mji hauwezi kukuchukua bila ridhaa. Eneo lina watu chini ya 200, zaidi ya nusu ya wapiga kura wake watie sahihi. Lina 200 au zaidi, ipigwe kura palepale. Wenye ardhi nao wana neno lao. Wenzangu hapa wanajivunia sana kukaa nje ya mpaka, mpaka mvua kubwa ije mitaro ifurike, ndio wanauliza mji uko wapi.

Nasema tu kwamba sheria hiyo ni ya Texas. Usiende nayo kwa ofisi ya kaunti ukadai kura. Sikiliza mzee.

Na mihogo ya karai nimeitamani hadi machozi.

---

Karani_Mstaafu

Naendelea nilipoachia. Bi Shella, Mungu akuweke, hilo la dalali lilinipita.

Reti. Watu huamini reti huja na manispaa kama inzi na samaki. Kikatiba, kodi ya ardhi na nyumba ni ya kaunti, kifungu cha 209, na kaunti inaweza kutoza popote ndani yake, mjini na shamba. Ila kazi ya kuthamini huanzia mijini, kwa sababu huko ndiko kuna plot zilizohesabiwa. Sheria mpya ya taifa ya reti ni ya 2024. Jambo la kujua ni kwamba reti ya kufuata thamani haitozwi kwa kukisiwa tu. Lazima kuwe na daftari la thamani, liwekwe wazi, watu wakague na kupinga. Likitangazwa, nenda utafute namba ya shamba lenu. Nimewaona watu wakithaminiwa nyumba ya ghorofa ambayo ni banda la kuku. Na notisi itakuja kwa jina la baba. Itakaa, itazaa riba, itakuwa deni la marehemu, na siku ya mirathi mtaikuta inawangoja mlangoni. Sababu nyingine ya kwenda mahakamani sasa.

Majirani zenu wenye nyumba bila ardhi, waliojenga kwenye shamba la mtu na kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, nao watauliza. Reti humfuata mwenye ardhi. Asije tajiri akawapandishia kodi akisema ni reti yenu, wamwombe risiti.

Ujenzi: kibali cha kujenga kinatakiwa kaunti nzima chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, si mjini peke yake, ila mjini ndiko watakuja kukiuliza. Ukitaka kuezeka jiko upya kwa makuti hakuna atakayekusumbua. Ukitaka kuweka vyumba vya kupangisha, kaulize kwanza. Mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo lenu ukiandaliwa, utatangazwa, na mna siku 60 za kupinga. Humo ndimo wanamoandika hapa soko, hapa makaburi ya umma, hapa barabara ya mita 15. Kwa uzoefu wangu mpaka hauumizi mtu kama ile barabara ya mita 15.

Mbuzi na makaburi: mstari hauhamishi kaburi. Kuhusu mbuzi na maziko mapya, ulizia sheria ndogo za kaunti, na uulize kabla hujahitaji.

Mwisho, namna ya kuipata ile ramani. Usiombe kwa mdomo. Andika barua kwa meneja wa manispaa, nakala kwa karani wa bunge la kaunti, useme unaomba chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016: hati ya manispaa na jedwali la mpaka, ramani inayopendekezwa, na ripoti ya kamati. Wana siku 21 kukujibu. Uangalie na gazeti la serikali, hutoka Ijumaa. Na ukipata ramani usitazame rangi, soma jedwali. Litasema kuanzia bikoni fulani, yaani jiwe la mpaka, kufuata barabara fulani hadi makutano, kisha kuelekea kusini… Chukua kalamu, tembea nalo kwa miguu. Mimi nilijifunza hivyo.

---

Sidi_Mikorosho

Nimerudi. Wiki tatu zimepita, nimechelewa kwa sababu ya mvua na mtoto alikuwa na homa. Nawashukuru wote, mzee shikamoo.

Barua niliiandika mbili, moja ya kulalamikia baraza, moja ya kuomba ramani. Niliandikiwa na binti wa jirani aliye fomu tatu, ana mwandiko kama wa kitabu. Mapokezi mama mmoja aliisoma, akainua macho, "Nani amekufundisha kifungu cha 35?" Nikamwambia babu mmoja. Akagonga muhuri. Nikajua hapo kwamba mambo yamebadilika, maana safari iliyopita hata kiti sikuambiwa.

Ofisi ya ardhi nimefanya sachi. Hati iko vilevile, jina la baba, hakuna aliyeigusa. Zuio nimeweka. Barua ya chifu tumepata, watoto saba, mabinti wanne wote ndani. Kaka alinuna. Nilimwekea ile karatasi ya kifungu cha 45 chini ya kikombe cha chai, sikusema neno. Aliisoma, akanywa chai, akaondoka. Juzi kaja na kilo mbili za unga, hatukuzungumzia dalali.

Sasa ramani. Siku ya 18 nilipigiwa simu nikaione. Kijana wa ofisini, mpole, akaitandaza mezani akaniwekea kidole. Bado inaitwa rasimu, kamati haijamaliza, bunge la kaunti halijakaa. Mstari unafuata ile njia ya miguu ya kwenda kisimani. Mzee, ile njia inapita ndani ya shamba letu! Babu ndiye aliyewaruhusu watu wapite, zamani sana. Kwa hivyo nyumba, jiko na mwembe viko mjini. Choo, mbuzi na makaburi viko shamba. Nimeuliza, "Mwanangu, usiku nikienda chooni nitakuwa natoka manispaa?" Akacheka mpaka akatoa miwani.

Nifanyeje hapo?

---

Karani_Mstaafu

Hahaha. Bi Sidi, hilo kosa nalijua kwa jina. Mtu amechora ofisini akitazama picha ya angani, ameona mstari mweupe akadhani ni barabara.

Hilo ndilo pingamizi lako bora kuliko hotuba yoyote ya "hatutaki". Mpaka haufai kukata kipande kimoja chenye hati moja katikati. Utamtesa mthamini, utaitesa lendi bodi, utaitesa mahakama ya mirathi. Andika maoni yako leo kabla rasimu haijawa hati. Weka namba ya hati, ambatisha nakala ya sachi na ile ramani ya usajili wa ardhi inayoonyesha kipande chote, useme njia ile si barabara ya umma iliyosajiliwa, ni ruhusa ya mwenye shamba, na unaomba mstari ufuate mpaka wa shamba, upande mmoja au mwingine. Upande gani, hilo mkae familia mwamue. Msiseme "tutoeni tu" kwa hasira. Fikirini bomba la maji, fikirini reti, fikirini lendi bodi mpaka mirathi iishe. Mimi ningeomba shamba lote libaki nje kwa sasa, lakini mimi sikai huko.

Waambie na majirani mliopakana kwenye njia hiyo. Barua kumi za mstari mmoja uleule zinazidi barua moja ndefu.

---

Barani_Original

Mama Sidi wewe ndiye mtu wa kwanza Kenya mwenye choo cha kimataifa 😂

Lakini seriasi, hao watu kumi wa kikundi tumepata huku kwetu. Tunakutana Jumapili. Ya kwanza kwenye ajenda ni ile taa.

---

Sidi_Mikorosho

Barua zimefika tisa, ya kumi ni ya mwenye kisima, anatafuta sachi yake.

Na leo asubuhi wale vijana watatu wamepita tena, na fimbo yao ya uyoga. Rangi kwenye mwembe imeshaoshwa na mvua, wakawa wanazunguka kuutafuta msalaba. Mmoja akaniuliza kama maembe bado yapo. Nimemwambia yapo tele, aje na ramani inayosomeka tubadilishane.